Maswali ya Wasomaji: Mwanga wa Sebule na Meko ya Umeme

Kipupwe kimekwisha kuingia Nyanda za Juu Kusini, na barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka Mbeya, Iringa na Njombe zinazungumzia meko ya umeme, yaani kile kifaa cha kuotea moto chenye kioo mbele, kinachotoa joto kwa hita na kuonyesha ndimi za moto kwa taa zilizofichwa ndani yake. Waandishi wa barua hizo hawalalamikii joto. Wanalalamikia sura ya moto. Nimechagua tano kati ya hizo na kuzijibu pamoja, kwa sababu ninaamini kwamba kasoro wanayoieleza mara nyingi haimo ndani ya kifaa, bali imo darini, dirishani na ukutani.

Barua ya kwanza: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Forest hapa Mbeya. Mwezi Mei nilinunua meko ya umeme Dar es Salaam baada ya kuiona dukani ikiwaka vizuri hata nikatamani kunyoosha mikono niote. Nimeifunga kwenye ukuta wa sebule unaotazamana na dirisha kubwa la upande wa kaskazini, na karibu na ukuta huo kuna taa nne zilizozamishwa kwenye dari la jipsamu. Mchana naona taswira ya dirisha tu. Usiku ndimi zinaonekana, lakini zimepauka, na magogo yanajulikana wazi kuwa ni ya plastiki. Fundi ananishauri niirudishe. Je, nimeuziwa kifaa kibovu?

Shikamoo Mwalimu. Nakuomba usiirudishe kwanza, kwa maana kila ulichokieleza kinaweza kutokea kwenye kifaa kizima kabisa.

Ndani ya meko nyingi za aina hii, chini ya magogo, mna safu ya taa ndogo za LED zinazomulika fimbo yenye vipande vya bati linalong'aa, na fimbo hiyo huzungushwa taratibu na mota ndogo. Kila kipande kinapopita mbele ya taa hutupa mlia wa mwanga kwenye skrini yenye ukungu iliyo nyuma ya magogo. Milia hiyo inapanda, inatikisika na kukatika, na jicho huisoma kuwa ndimi za moto. Vifaa vya zamani vilitumia balbu ya kawaida na kifeni cha bati kilichozungushwa na hewa ya moto iliyopanda kutoka kwenye balbu hiyohiyo, lakini kanuni yake ilikuwa moja: hapo hakuna kinachoungua, kuna mwanga unaochezeshwa mbele ya giza. Giza hilo ni nusu ya picha, nalo ndilo linaloharibiwa na taa za sebule.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme ulimi wa moto una mng'ao wa 100, na weusi ulio kando yake una mng'ao wa 2. Ulimi unauzidi weusi mara 50, na jicho linaona moto mkali. Sasa fungua pazia, mwanga wa dirisha ujilaze juu ya kioo chote na kuongeza 48 kila mahali. Ulimi umekuwa 148, weusi umekuwa 50, na tofauti iliyokuwa mara 50 imeshuka hadi chini kidogo ya mara tatu. Kifaa hakijapunguza hata chembe ya mwanga wake, ila weusi umepotea. Ndiyo maana rimoti ikibonyezwa hadi kiwango cha juu kabisa mchana bado haileti nafuu ya maana, kwa sababu nje, hata siku ya mawingu, mwanga unaweza kufika luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), wakati sebule nyingi usiku huwa na luksi kati ya 50 na 150. Hata moto wa kuni halisi, ukiuwasha uani saa sita mchana, ndimi zake hufifia hadi unaziona kwa shida.

Dukani ulikoiona, yaelekea ilikuwa imewekwa kwenye shubaka la rangi nyeusi, mbali na mlango, na taa za juu yake zimezimwa. Muuzaji hakukudanganya kwa kufanya hivyo. Ila angetenda haki kama angekueleza.

Kwako kuna matatizo mawili, na ni vyema kuyatenganisha kwa sababu dawa zake si moja. La kwanza ni dirisha. Kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga unaokipiga moja kwa moja kutoka mbele, na asilimia hiyo hupanda mwanga unapokuja kwa ubavu. Asilimia 8 inaonekana ndogo, lakini asilimia 8 ya anga la mchana ni mwanga mwingi kuliko ule wa ndimi zako. Tena kipindi hiki cha baridi ndicho kibaya zaidi kwa madirisha ya kaskazini: mwezi Juni hapa Mbeya jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 58 juu ya upeo wa macho, na asubuhi na alasiri huinama zaidi hata likapenya chini ya paa na kufika katikati ya sebule. Tunalipenda jua hilo kwa sababu linapasha nyumba joto, nami sikushauri ulizuie. Liache lifanye kazi yake mchana, na meko iwe ya jioni. Jua likishatua, shusha pazia zito lenye kitambaa cha pili nyuma yake, ili hata taa ya ulinzi ya jirani isiingie.

Tatizo la pili ni zile taa nne. Taa iliyozamishwa darini karibu na ukuta humwaga mwanga chini kwa nguvu, nao hupita kwenye kioo na kuangukia magogo na skrini yenyewe. Magogo hayo yametengenezwa ili yamulikwe kutoka chini, rangi nyekundu ipenye kwenye nyufa zake kama makaa. Yakimulikwa kutoka juu, kila mshono na kila doa la rangi linaonekana, na jicho linajua mara moja kuwa ni plastiki. Mwambie fundi umeme azitenganishe taa mbili zilizo karibu na meko, azipe swichi yake, ili jioni zizimwe huku zile mbili za mbali zikibaki.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, fanya jaribio hili. Usiku, zima meko lakini uache taa zote za nyumba zikiwa zinawaka kama kawaida, kisha kaa kwenye kiti chako cha kila siku na ukitazame kile kioo cheusi. Kila taa, kila mlango ulio wazi na kila kitu cheupe utakachokiona ndani ya kioo ndicho kinachopigana na moto wako. Kama huoni vizuri, shika tochi ya simu kando ya jicho lako na uielekeze kwenye kioo. Pale doa la mwanga linapoangukia ndipo jicho lako linapopaona kupitia kioo hicho. Mwaka jana mwezi Julai nilikaa jioni katika nyumba moja huko Uyole ambako familia ilikuwa imekata tamaa kabisa na meko yao. Tulipofanya jaribio hili tuliona mstari mrefu mweupe ukikata kioo katikati: ulikuwa tyubu wa ukumbini, mlango wa kuelekea huko umeachwa wazi. Mama mwenye nyumba aliinuka akaufunga mlango. Makaa ambayo dakika moja kabla yalikuwa kama vipande vya plastiki yalipata kina, watoto wakasogea karibu, na hatukugusa kifaa chenyewe hata kidogo.

Ukishazima taa, subiri dakika tano hadi kumi kabla ya kutoa hukumu. Jicho lililotoka kwenye mwanga mkali linahitaji muda kuzoea, na kulizoea giza kikamilifu huchukua kati ya dakika 20 na 30.

Barua ya pili: Nyumbani kwetu Gangilonga, Iringa, kuta za sebule ni nyeupe zenye kung'aa, sakafu ni ya marumaru nyeupe, na balbu zote ni zile nyeupe kabisa, pakiti yake imeandikwa 6500K. Mume wangu anazitaka hizo kwa sababu watoto wanasomea hapohapo sebuleni. Mimi naona zinaufanya moto wa meko uonekane kama rangi ya soda ya machungwa. Nani yuko sahihi?

Dada, nyote wawili mko sahihi, na bahati nzuri suluhisho lenu ni la bei ndogo.

Namba hiyo ya 6500K hueleza rangi ya mwanga kwa kipimo cha kelvini, na jambo linalowachanganya wengi ni kwamba namba ikipanda mwanga huelekea kwenye ubuluu, na ikishuka huelekea kwenye unjano na wekundu. Mwali wa mshumaa uko karibu na kelvini 1,900. Balbu za zamani za waya zilikuwa karibu na 2,700. Balbu zenu ziko karibu na mwanga wa mchana. Jicho halina rangi nyeupe moja ya kudumu. Hukichukua chanzo cha mwanga kinachotawala chumba na kukifanya ndiyo nyeupe yake, kisha hupima rangi nyingine zote kwa kulinganisha na hiyo. Chumba kikitawaliwa na kelvini 6,500, moto unaonekana wa chungwa kupita kiasi, kama kitu kilichopakwa rangi. Ukiweka balbu za kelvini 2,700 au 3,000, moto uleule unarudi kuwa dhahabu na wekundu, kwa sababu sasa ni ndugu wa mwanga uliouzunguka.

Watoto, hata hivyo, wasome kwenye mwanga wa kutosha, na hilo halina mjadala. Wawekeeni taa ya mezani yenye kofia, ibaki na ile balbu nyeupe mnayoitaka, iwekwe upande ambao mwanga wake unaangukia daftari bila kuelekea kwenye meko. Balbu za darini zibadilishwe ziwe za kelvini 3,000. Mkifanya hivyo hamtapunguza mwanga wa daftari, bali mtauondoa ukutani ambako haukuwa na kazi.

Kuhusu kuta, rangi nyeupe yenye kung'aa huurudisha mwanga mwingi sana chumbani, hivyo hata taa moja ndogo huzunguka ukuta kwa ukuta hadi ikafika kwenye kioo. Sisemi mpake sebule nzima rangi ya giza. Kwa nyumba ya nyanda za juu, ambako asubuhi nyingi ni za ukungu na mawingu, kuta nyeupe ni msaada. Pakeni ukuta ule mmoja wenye meko peke yake, kwa rangi isiyong'aa ya udongo mwekundu, kahawia au kijivu kilichokolea. Weusi wa kioo utaungana na ukuta, na ukingo wa kifaa utaacha kuonekana kama fremu ya runinga. Marumaru nayo ina tabia mbili: usiku taa zikiwa chache, huonyesha moto wa pili sakafuni mbele ya meko, jambo ambalo mimi binafsi nalipenda sana, taa zikiwa nyingi, huonyesha taa zote za dari. Tandikeni zulia kwenye sehemu ya kukaa na muuache wazi ukanda wa sakafu ulio mbele ya meko.

Barua ya tatu: Nina nyumba ndogo ya wageni Tukuyu. Baada ya kusikia kwamba meko ya umeme hupendeza gizani, nilizima taa zote za ukumbi saa moja usiku. Wageni wawili walinung'unika na mmoja alijikwaa kwenye meza. Je, niendelee?

Hapana mama, usiendelee, na si kwa sababu ya usalama wa wageni peke yake, ingawa hiyo ingetosha.

Giza totoro nalo huufichua moto huu. Kila kitu kingine kikitoweka, jicho halina pa kwenda ila kwenye kioo, na baada ya dakika chache huanza kugundua kwamba ndimi zinarudia mchezo uleule kila mzunguko wa fimbo, kwamba kuna mwanga unaovuja kwenye kona ya chini, kwamba moto wote umo ndani ya sanduku. Tena macho huchoka yanapotazama kitu king'avu katikati ya weusi mtupu. Moto wa kuni huangaza nyuso na kuta za chumba kizima. Huu wa umeme hutoa mwanga kidogo sana nje ya kioo chake, hivyo kazi ya kuangaza nyuso ni lazima ipewe taa nyingine.

Weka taa mbili au tatu za mezani zenye kofia ya kitambaa, chini ya kimo cha bega la mtu aliyekaa, pembeni au nyuma ya meko badala ya nyuma ya viti, kwa kuwa taa iliyo nyuma ya wageni ndiyo itakayoonekana ndani ya kioo. Balbu ya LED ya wati tatu hadi tano yenye kelvini 2,700 inatosha kwa kila moja. Mgeni aweze kuona kikombe chake cha chai na uso wa mwenzake, na njia ya kwenda mlangoni iwe na taa yake ndogo karibu na sakafu. Kisha ushushe mwanga wa ndimi zenyewe kwa rimoti hadi kiwango cha kati. Watu wengi huuacha juu kabisa usiku kucha, nami naona hilo ni kosa: moto wa kuni uliokwisha kukolea hauna ukali huo.

Ukitaka kutumia swichi ya kupunguza mwanga, ambayo mafundi huiita dima, hakikisha pakiti ya balbu inasema kuwa balbu hiyo inakubali kupunguzwa. Nyingi za bei rahisi hazikubali. Ukizipunguza zinapepesa au zinavuma, na taa inayopepesa kando ya moto unaocheza huumiza kichwa haraka.

Barua ya nne: Hapa Makambako, kila hita ya meko inapowaka, taa za sebule hufifia kidogo na kurudi. Je, hilo linahusiana na taa zenyewe?

Linahusiana na nyaya, ndugu yangu, wala si la kupuuza. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampia 8.7, na nyaya zikiwa nyembamba, ndefu mno au zimelegea kwenye maungio, volti hushuka na taa hufifia. Kama umeichomeka kwenye ekstensheni, iondoe leo na uichomeke kwenye soketi ya ukutani. Taa zikiendelea kufifia, au plagi ikipata joto mkononi, usiiwashe hita tena hadi fundi mwenye leseni akague laini hiyo na, ikibidi, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye breka. Katika kusubiri unaweza kuendelea kuufurahia moto wenyewe, kwa kuwa vifaa vingi huruhusu ndimi ziwake bila hita. Taa hizo za LED hutumia wati chache tu, ilhali hita ya wati 2,000 hula uniti mbili za LUKU kwa kila saa.

Barua ya tano: Tunajenga Njombe na ukuta wa sebule bado haujapigwa plasta. Tungependa kuacha shubaka la meko ya umeme. Tuliache wapi na kwa kimo gani?

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu mmeuliza kabla ya plasta.

Msiuchague ukuta unaotazamana na dirisha, kama alivyofanya Mwalimu wetu wa Forest, wala msiiweke meko chini ya dirisha, kwani anga lililo juu yake litalivuta jicho na kuufanya moto uonekane hafifu. Ukuta mzuri ni ule wa ubavuni, unaokutana na ukuta wa dirisha kwa pembe mraba, na meko ikae kwenye nusu iliyo mbali na dirisha.

Kuhusu kimo, wengi siku hizi wanapenda kuiweka juu ukutani kama picha, nami sikubaliani nao. Kioo hurudisha mwanga kwa pembe ileile uliyokuja nayo. Mtu aliyekaa akikitazama kioo kilicho juu ya macho yake, anachokiona humo ni sehemu ya juu ya ukuta wa nyuma yake, taa za ukutani na zile zinazoning'inia. Kikiwa sawa na macho, anajiona mwenyewe na dirisha la nyuma yake. Kikiwa chini, anaona sakafu na zulia, ambavyo kwa kawaida ni vyenye giza kuliko vyote. Mafundi waliojenga nyumba za zamani zenye dohani katika mashamba ya chai ya Mufindi waliweka moto chini kwa sababu ya kuni na moshi, lakini kimo hicho ndicho kinachokifaa kioo pia. Acheni shubaka lenu lianze sentimita 20 hadi 40 kutoka sakafuni.

Lizamisheni ukutani sentimita 10 au 15 zaidi ya kina cha kifaa, ili kingo zake zikikinge kioo dhidi ya mwanga wa ubavuni kama kiganja kinavyokinga macho, mradi tu maelekezo ya kifaa mtakachonunua yanaruhusu na matundu ya hewa ya moto hayazibwi. Ndani ya shubaka pakeni rangi nyeusi isiyong'aa. Pazia na samani zikae umbali usiopungua mita moja mbele ya hita.

Darini, msiweke taa yoyote ndani ya mita moja na nusu kutoka kwenye ukuta huo, na zile zitakazobaki zigawanywe katika swichi mbili: moja ya shughuli za kila siku, nyingine ya jioni. Swichi ya jioni iwekwe karibu na mahali mtakapokaa, mbali na mlango, na bomba lake la waya lipitishwe sasa, kabla fundi hajaanza kuchanganya saruji.